Betri ya Kigari cha Mtoto Mangateen: Tuanze na Chaja

Kigari cha mashindano cha rimoti hakifi chote kwa mpigo mmoja. Mota yake ndogo yaweza kuzunguka kwa miaka, gia za plastiki huvumilia vumbi kuliko tunavyodhani, na rimoti isipotumbukia majini hubaki nzima. Kinachotangulia ni betri. Mtoto huona gari limepungua mbio, kesho yake linakwenda hatua chache na kusimama, na baada ya wiki chombo ambacho karibu kila sehemu yake ni nzima kinaishia jalalani. Hasara hiyo inaumiza zaidi mahali ambapo kigari hicho ndicho pekee alicho nacho mtoto.

Mangateen ni mahali pa namna hiyo. Mtaa huu wa Juba, Sudan Kusini, ulijulikana zaidi mwaka 2018, baadhi ya wakimbizi wa ndani waliokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa kule UN House walipohamia hapo. Wengi wao walikuwa wameacha nyumba zao tangu vita vilipozuka Desemba 2013, wengine baada ya mapigano ya Julai 2016. Watoto wa Sudan Kusini ni mafundi wa kujitengenezea michezo: hufinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu, hukunja waya na makopo yakawa malori. Lori la waya likivunjika, aliyelitengeneza hulitengeneza tena jioni hiyo hiyo. Kigari cha rimoti hakimpi mtoto uwezo huo. Kimeletwa na mjomba aliyetoka Kampala au kimenunuliwa sokoni Konyo Konyo, na kikizima, ufunguo wa kukifufua uko kwa mtu mwingine.

Mtu huyo, mara nyingi, ni fundi simu. Ana mita ya kupimia, ana chuma cha kuchomelea, na ana kisanduku cha betri kuukuu. Katika karakana za Juba utasikia Kiarabu cha Juba, na kando yake Kiswahili cha waliokulia Kakuma na Nairobi au waliokuja kutafuta riziki kutoka Uganda na Kongo. Kwa kawaida swali analoulizwa fundi ni, "Una betri ya hii?" Naona swali hilo limeanzia katikati. La kwanza lingekuwa: gari hili litachajiwa na nini, na kwa muda gani? Betri ikichaguliwa kabla ya chaja kujulikana, kazi yote huwa ya kubahatisha, na katika makazi ya turubai na mabati yaliyobanana kubahatisha kunaweza kuleta moto.

Kwanza tujue kwa nini betri hizi hufa mapema. Vigari vingi vya bei nafuu hutoka viwanda vya Chenghai, wilaya ya mji wa Shantou nchini Uchina, inayotengeneza vitu vya watoto kwa ajili ya dunia nzima. Kutoka hapo ni meli hadi Mombasa, lori hadi Kampala, kisha mpaka wa Elegu na Nimule, na mwisho kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012 kuingia Juba. Miezi yote hiyo betri imo ndani ya kontena la chuma. Betri yoyote inayochajiwa hujimaliza yenyewe polepole ikikaa bila kazi, na joto huongeza kasi ya kujimaliza huko. Juba yenyewe mwezi wa Februari na Machi hufika nyuzi 38 mchana. Ndiyo maana kigari kipya kabisa chaweza kutoka kwenye boksi na betri iliyokwisha kudhoofika.

Kilichobaki humalizwa na matumizi. Gari la mtoto halina kipimo kinachosema "simama, betri imeisha". Mtoto hubonyeza mpaka magurudumu yagome. Ndani ya pakiti kuna seli kadhaa zilizofuatana mkondo mmoja, na hazilingani nguvu. Pakiti hiyo ni kama kundi la ng'ombe njiani: mwendo wa kundi zima huamuliwa na yule anayechechemea. Seli dhaifu huisha kwanza, nazo nyingine zikiendelea kusukuma umeme kupitia ndani yake huigeuza chanya ikawa hasi. Ikigeuzwa hivyo mara chache huwa imekufa. Watu wengi husingizia "kumbukumbu" ya betri za nikeli-kadimi, wakaamini dawa yake ni kuzimaliza kabisa kila mara. Ushauri huo umeua betri nyingi kuliko kumbukumbu yenyewe.

Hapa ndipo ninapokataa desturi moja ya karakana: kukata seli moja iliyokufa na kuweka nyingine mahali pake. Ni rahisi, na mteja hufurahi kwa wiki mbili. Lakini seli mpya imewekwa kati ya wazee; kati ya hao wazee, aliye dhaifu kuliko wote ndiye atakayegeuzwa safari ijayo. Pakiti ibadilishwe yote, kwa seli za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja.

Kabla ya hapo fundi ahakikishe kwamba mkosaji ni betri kweli. Pakiti ikipimwa bila kubeba mzigo yaweza kuonyesha volti nzuri na bado ikawa imekufa. Ipimwe mota ikizunguka: pakiti ya volti 4.8 ikianguka chini ya volti 4 mara tu magurudumu yanapoanza, imechoka. Isipoanguka, tatizo liko kwingine, na mara nyingi ni jambo la kusikitisha kwa udogo wake: waya uliokatika ndani ya mpira wake pale kwenye plagi, kutu ya kijani kwenye vibati vya betri, au chaja iliyoungua. Vibati vyenye kutu hupona kwa siki au ndimu na msasa mwembamba. Magari kadhaa yangerudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa dawa hiyo tu.

Sasa tuje kwenye betri zenyewe. Vigari vya rimoti hutumia familia tatu. Nikeli-kadimi ni kongwe, iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899. Huvumilia kuteswa, ila ndani yake mna kadimi, metali yenye sumu. Nikeli-haidridi ni ndugu yake mdogo: volti zile zile 1.2 kwa seli, umbo lile lile la betri ya tochi, akiba kubwa zaidi, na kadimi hamna. Ya tatu ni lithiamu-ioni, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo waliochangia kuivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2.

Tazama namba hizo na utaona kishawishi. Gari lenye seli tatu za nikeli lina volti 3.6. Betri moja ya simu ina 3.7. Zinakaribiana mno, na betri za simu zimejaa mtaani, hasa BL-5C ya Nokia, ambayo Afrika Mashariki nzima imeitia kwenye redio, spika na tochi. Fundi anakata pakiti ya zamani, anaunga BL-5C, gari linaruka. Kila mtu anashangilia. Kisha mzazi anakwenda nyumbani na kuchomeka chaja ile ile ya zamani.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Chaja iliyokuja na gari la nikeli, mara nyingi, ni transfoma na diodi tu. Haijui betri imejaa au haijajaa. Husukuma umeme mpaka mtu aichomoe. Nikeli-kadimi huvumilia ubishi huo kwa kupata joto. Lithiamu haivumilii. Ikipitishwa kwa mbali juu ya volti 4.2, huvimba, hutoa gesi inayowaka, na yaweza kulipuka kwa moto usiozimika kwa kikombe cha maji. BL-5C halisi ina sakiti ndogo ya ulinzi inayokata umeme zikizidi volti 4.2 na ushei, lakini ulinzi huo umewekwa kwa dharura, hauwezi kufanya kazi ya chaja kila usiku. Za kughushi nyingi hazina hata hiyo. Na hata kiwanda kikubwa hukosea: Agosti 2007 Nokia waliwatangazia wateja kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita zingeweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa, wakajitolea kuzibadilisha. Kwa hiyo nasema bila kusita: lithiamu isiingie kwenye gari la nikeli mpaka chaja ya zamani iwe imekatwa plagi na kuondolewa kabisa nyumbani. Kumwambia mzazi asiitumie hakutoshi. Mtoto wa miaka minane ataitafuta na kuichomeka, kwa sababu inaingia.

Swali la umeme ndilo linaloamua njia ya kufuata. Juba ilipata mtambo wa dizeli wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra mwaka 2019, na nyaya zimesambaa mitaa kadhaa, lakini Sudan Kusini bado ni miongoni mwa nchi ambazo chini ya mtu mmoja kati ya kumi ana umeme nyumbani. Wengine wote wanaishi kwa jenereta ya jirani kwa saa chache za jioni, kwa paneli ndogo ya jua, au kwa kibanda cha kuchaji simu. Njia hizo tatu zina kitu kimoja kinachofanana: zote hutoa volti 5 kupitia waya wa simu. Hiyo ndiyo sarafu ya umeme ya Mangateen. Chaja ya ukutani iliyokuja na gari, inayodai volti 220 usiku kucha, imeundwa kwa ajili ya nyumba nyingine kabisa.

Angalia hesabu yake. Pakiti ya nikeli yenye akiba ya 700 mAh (miliampia-saa) ikichajiwa na chaja ya miliampia 250 hudai kama saa nne, kwa kuwa lazima urudishe zaidi ya ulichotoa. Fundi mwenye nia njema akiweka seli za 2000 mAh ili "mtoto acheze zaidi", chaja ile ile sasa inadai muda wa zaidi ya saa 11. Jenereta ikizimwa baada ya saa tatu, pakiti imepata robo tu. Nikeli-haidridi haidhuriki kwa kujazwa nusu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Lakini mzazi aliyelipia uwezo mkubwa hatauona kamwe. Penye umeme wa saa chache, seli ya wastani inayojaa mapema ina faida kuliko kubwa isiyojaa.

Kwa gari la volti 3.6, basi, naona njia mbili njema. Ya kwanza ni kubaki na nikeli: seli tatu za nikeli-haidridi za 600 hadi 800 mAh, na waya wa simu wenye rezista moja ya omu 12 kati yake na betri. Chaja ya simu ina volti 5. Seli tatu zikiwa zimeishiwa zina kama 3.6, hivyo hupita miliampia 115 hivi. Zikijaa hupanda kufikia 4.3 au 4.4, na umeme hushuka wenyewe hadi 50 au 60, kiasi ambacho seli hizo hukivumilia hata zikisahaulika usiku mzima. Rezista iwe ya wati 2, maana seli zilizolala sifuri zitaipasha moto dakika za mwanzo. Naipenda njia hii kuliko zote. Vifaa vyake vinapatikana kwenye redio mbovu yoyote, na mtu akikosea hatua moja, nyumba haiungui.

Ya pili ni BL-5C au seli ya lithiamu yenye umbo la betri ya tochi, ile ya milimita 14 kwa 50 iitwayo 14500, pamoja na kibao kidogo cha kuchajia chenye chipu ya TP4056. Kibao hicho hupokea volti 5 za simu na kusimama chenyewe kwenye 4.2. Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita: kibao hutoka kiwandani kikiwa kimepangwa kusukuma ampia 1 nzima, na kwa seli ya 500 mAh hicho ni kipimo maradufu ya inavyostahili. Pana rezista ndogo inayoamua kiwango hicho. Ile ya kiloomu 1.2 ikiondolewa na kuwekwa ya kiloomu 5, kibao hushuka hadi miliampia 240. Kwa BL-5C, ya kiloomu 2.4 yatosha. Dalili nyingine ya kujua: gari likiruka na kuzima papo hapo kila linapoanza, sakiti ya ulinzi ndiyo inayokata kwa sababu mota inavuta ampia nyingi wakati wa kuanza. Asitokee wa kuitoa sakiti hiyo ili gari likimbie. Hapo nikeli ndiyo jibu.

Kwa magari ya volti 4.8 hali hubadilika. Volti 5 za simu haziwezi kuzijaza seli nne za nikeli zilizofuatana, kwa kuwa zikikaribia kujaa hudai karibu 5.8. Na wanaoweka lithiamu mbili mahali pa nikeli nne huwa wanaweka volti 8.4 mahali pa 4.8. Gari litapaa kweli kweli. Ila umeme unaoungua ndani ya mota iliyokwama ukutani huongezeka kwa mraba wa volti, yaani mara tatu, na kibao cha kupokea mawimbi hakikuumbwa kwa hayo. Kitakachokufa safari hii hakibadilishwi kwa bei ya betri.

Dawa ya hapa ni rahisi na haihitaji hata kuchomelea seli: kasha la plastiki la betri nne za tochi, waya zake mbili zikiungwa kwenye plagi ya zamani. Ndani huwekwa seli nne za nikeli-haidridi, na hutolewa kuchajiwa kwenye chaja ya volti 5 inayoichaji kila moja peke yake. Hivyo seli dhaifu hujulikana na hutengwa mapema. Siku umeme ukikosekana kabisa, betri za alikali huingia mahali pale pale, na volti 6 za mwanzo magari mengi ya 4.8 huzimudu. Betri za kawaida za bei ya chini, zile za redio, hazifai: haziwezi kutoa ampia 1 ambayo mota inaitaka, na pesa ya mzazi huisha kabla ya mchezo kuanza.

Plagi nayo itazamwe. Zile nyeupe na nyekundu za vigari hufanana umbo lakini viwanda havikukubaliana upande upi ni chanya. Rangi ya waya isiaminiwe. Mita iulizwe kila mara. Na anayelazimika kuchomelea seli achague zenye vibati vilivyokwisha kubandikwa, kwa sababu moto wa chuma ukigusa mwisho wa seli yenyewe huyeyusha mpira unaoziba ndani.

Zimebaki seli zilizotolewa. Watafiti Jamie Cross na Declan Murray waliandika mwaka 2018 kuhusu maisha ya vifaa vya sola vilivyokufa nchini Kenya, na walichokieleza kinaaminika kwa yeyote aliyeishi huku: watu hawatupi haraka, huweka chini ya kitanda wakingoja fundi. Kuweka huko ni busara, ila kwa betri kunataka utaratibu. Kadimi ikiingia kwenye maji na chakula hukaa mwilini kwa miaka na kudhoofisha figo na mifupa; watu wa Toyama, Japani, waliipata kupitia mpunga uliomwagiliwa maji ya mto uliochafuliwa na mgodi. Karibu zaidi na kwetu ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwalisha watu risasi. Phyllis Omido aliwapigania, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Seli ya kigari ni ndogo mno kulinganishwa na hayo, lakini mtaa mzima una vigari, tochi, redio na taa za sola.

Kinachowezekana leo ni kidogo na kinafaa kufanywa: fundi azibe ncha za seli zilizotolewa kwa utepe, azitie kwenye kopo kavu lenye mfuniko, asizichome na asizikabidhi watoto wazipasue. Nairobi kuna WEEE Centre, na Bugesera nchini Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve. Vyote hupokea taka za kielektroniki. Malori yanayoleta bidhaa Juba hurudi kusini mengi yakiwa matupu. Ila taka za namna hiyo hazivuki mpaka bila vibali, na vibali ni kazi ya serikali. Sudan Kusini imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, kwa hiyo ina meza ya kuliweka jambo hili.

Kuna jingine ambalo meza hiyo ingeweza kulishughulikia mapema zaidi. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inasema kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, chombo chenye betri ndogo kitakachouzwa huko lazima mtumiaji mwenyewe aweze kuitoa na kuweka nyingine kwa vifaa vya kawaida. Viwanda vinavyoiuzia Ulaya vigari vitalazimika kuacha gundi na kurudi kwenye bisibisi. Mashirika yetu ya viwango, likiwemo la Sudan Kusini, yanaweza kudai hayo hayo kwa kigari kinachoingia Mombasa na Nimule, na kuongeza mambo mawili ambayo mtu wa Mangateen anayahitaji kuliko wa Berlin: volti na aina ya betri ziandikwe kwenye kifuniko kwa herufi zisizofutika, na gari lichajiwe kwa volti 5 za waya wa simu.